Wakili Akiondoka, Jalada Libaki

Kila inaposikika kwamba serikali inatafuta mtaalamu wa sheria kutoka nje, swali ni lile lile hapa Hai Jalaba, mjini Juba, kwa wauza chai na kwa wenye maduka: Wizara ya Sheria ina mawakili wake, wanalipwa mshahara na umma, sasa wa kukodi ni wa nini? Swali hilo ni la haki. Halijibiwi kwa kusema tu kwamba uwezo wetu ni mdogo, kwa sababu hata serikali zenye mawakili wengi hukodi wengine. Jambo la kujua ni wakati gani kukodi kunaisaidia nchi, na wakati gani fedha huondoka pamoja na mgeni na ofisi ikabaki ilivyokuwa.

Ofisi ya sheria ya serikali haichagui kazi. Asubuhi inaletewa mkataba wa barabara, mchana rasimu ya muswada wa benki, na kabla watu hawajafunga milango inafika barua kutoka ng'ambo ikisema Jamhuri imeshtakiwa na siku za kujibu zimeanza kuhesabiwa. Hapa kwetu mzigo wote huo umebebwa na mlango mmoja. Kenya, Uganda na Tanzania zina Mwanasheria Mkuu na, kando yake, Mkurugenzi wa Mashtaka. Tanzania iliongeza hatua nyingine mwaka 2018 kwa kuanzisha Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, ambayo kazi yake ni kusimama mahakamani na kwenye usuluhishi kwa niaba ya serikali katika mashauri ya madai. Sudan Kusini, kwa Katiba ya Mpito ya mwaka 2011, Waziri wa Sheria ndiye mshauri mkuu wa serikali kisheria, na mashtaka pia yako chini yake.

Walio ndani ya ofisi hiyo wamepita njia ambayo majirani zetu hawakuipita. Tangu mwaka 1983 mahakama za Sudan ziliongozwa na sharia, na elimu ya sheria kwa wengi ilikuwa ya Kiarabu. Chuo Kikuu cha Juba, kilichofungua milango mwaka 1977, kilihamishiwa Khartoum wakati wa vita. Kisha ukaja mkataba wa amani wa mwaka 2005, Kiingereza kikawa lugha ya kazi ya serikali ya Kusini, na sheria zikaanza kuandikwa kwa mfumo wa Kiingereza unaotegemea hukumu zilizotangulia. Mtu aliyebobea katika sheria kwa miaka 20 alijikuta anatakiwa aandike hoja kwa lugha nyingine, katika mfumo mwingine, akiwa na maktaba isiyo na vitabu vya mfumo huo. Anayemwita mtu huyo mjinga hajaelewa kilichotokea. Alikosa zana, na zana hutafutwa.

Kesi inayofundisha kuliko zote ni ya Abyei, eneo linalogombaniwa na Sudan na Sudan Kusini, na ningependa kila kijana anayesoma sheria Juba aijue kwa moyo. Ndani yake kuna wataalamu wa aina mbili ambao watu huwachanganya: mtaalamu asiye na upande, anayeitwa aseme ukweli kwa pande zote, na wakili wa kukodi, anayelipwa au kujitolea kuupigania upande mmoja.

Wa kwanza walikuja kwa Itifaki ya Abyei ya Mei 2004. Iliundwa tume ya watu 15: watano wa serikali ya Khartoum, watano wa SPLM/A, chama na jeshi la ukombozi la Kusini, na watano wataalamu. Marekani ilimtoa Donald Petterson, aliyewahi kuwa balozi wake Sudan. Uingereza ilimtoa mwanahistoria Douglas Johnson. IGAD, jumuiya ya nchi za ukanda wetu, ilichagua watatu: Profesa Godfrey Muriuki wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Kassahun Berhanu wa Chuo Kikuu cha Addis Ababa, na Shadrack Gutto, mwanasheria Mkenya aliyekuwa akifundisha Afrika Kusini. Kazi yao iliandikwa kwa sentensi moja fupi: waainishe na kuweka mipaka ya eneo la himaya tisa za machifu wa Dinka Ngok zilizohamishiwa Kordofan mwaka 1905.

Sentensi hiyo ilizaa mgogoro wa miaka. Je, waliotakiwa kutafuta ni eneo lililohamishwa mwaka 1905, lenye mpaka wa kiutawala wa mwaka huo? Au ni eneo lote lililokaliwa mwaka huo na watu wa himaya hizo tisa? Khartoum ilishika maana ya kwanza, SPLM/A ya pili. Wataalamu walisikiliza wazee, wakapekua nyaraka za kikoloni Sudan na Uingereza, na tarehe 14 Julai 2005 wakakabidhi ripoti yao, ambayo kwa makubaliano ilikuwa ya mwisho na yenye kufunga pande zote. Khartoum ikaikataa, ikisema wamevuka mamlaka waliyopewa.

Hapo ndipo mawakili wa kukodi walipoingia. Julai 2008 pande mbili zilikubaliana kupeleka mzozo mbele ya Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi, The Hague. Mwakilishi wa SPLM/A alikuwa Riek Machar, wakati huo Makamu wa Rais wa Serikali ya Sudan Kusini. Waliozungumza kwa niaba ya upande huo mbele ya waamuzi waliongozwa na Gary Born wa kampuni ya WilmerHale, pamoja na Paul Williams wa PILPG, shirika linalotoa msaada wa kisheria bila malipo. Na Khartoum je, yenye wanasheria wengi kuliko sisi na vyuo vya sheria vya tangu enzi za ukoloni? Nayo ilikodi: James Crawford wa Cambridge na Alain Pellet wa Ufaransa, majina mawili makubwa kabisa katika sheria ya kimataifa. Kwa hiyo anayesema kukodi ni aibu ya nchi changa, aangalie kiti cha upande wa pili siku ile.

Jopo la waamuzi watano, chini ya Pierre-Marie Dupuy, lilitoa uamuzi tarehe 22 Julai 2009. Lilikubali kwamba wataalamu wa tume hawakukosea kulisoma agizo lao kwa maana ya makazi ya watu. Lakini lilifuta sehemu ya mipaka waliyochora: mstari wa kaskazini kabisa, na mistari ya mashariki na magharibi. Jopo halikuhitaji kuthibitisha kwamba mistari hiyo ilikuwa ya uongo. Ilitosha kwamba ripoti haikueleza sababu za kuridhisha za kufika hapo. Eneo la takriban kilomita za mraba 18,500 likapungua hadi karibu 10,500, na visima vya mafuta vya Heglig vikabaki nje. Mwamuzi mmoja kati ya watano, Awn Al-Khasawneh wa Jordan, aliandika maoni makali ya kupinga.

Mtu anayesimamia wataalamu serikalini akiisoma hukumu hiyo taratibu, atatoka na mafunzo mawili yenye uzito wa ardhi na mafuta. Kwanza, hadidu za rejea si karatasi ya utaratibu ya kujazwa haraka ili fedha zitoke. Maneno machache yenye maana mbili yanaweza kuja kuamuliwa na watu wengine, katika nchi nyingine, baada ya miaka. Pili, jibu la mtaalamu bila njia ya kulifikia halina ulinzi. Petterson na wenzake walikuwa watu wa elimu kubwa na nia njema, na bado walikatwa mahali ambapo hawakuonyesha hesabu yao. Mimi ningeandika sharti hilo katika kila mkataba: kila pendekezo liambatane na sababu zake, ushahidi wake na mahali ushahidi ulipo.

Kuna jambo jingine katika kesi hiyo ambalo husahaulika kwa sababu ya majina makubwa. Nguvu ya hoja za Kusini haikutoka London wala Washington. Ilitoka kwa machifu na wazee wa Ngok waliotoa maelezo yao ya ushahidi, na kwa kazi ya kuchora ramani iliyofanywa na jamii yenyewe, kijiji kwa kijiji. Wakili wa ng'ambo anajua kuipanga hoja mbele ya waamuzi, lakini hajui kaburi la chifu yupi liko chini ya mti upi, wala ng'ombe walinyweshwa wapi kiangazi cha enzi za mababu. Ofisi isiyokuwa na watu wake wa kukusanya maarifa hayo humpa mgeni meza tupu, kisha hushangaa akiandika mambo ya jumla.

Kuna pia mpaka wa kile ambacho utaalamu unaweza kununua. Kura ya maoni ya Abyei, iliyopangwa kufanyika tarehe 9 Januari 2011 sambamba na yetu ya uhuru, haikufanyika. Mei mwaka huo jeshi la Sudan liliuteka mji wa Abyei, na mwezi uliofuata Umoja wa Mataifa ukaidhinisha kupelekwa kwa kikosi cha UNISFA chenye askari wa Ethiopia. Hakuna wakili aliyeweza kuzuia hayo. Serikali inayomkodi mtaalamu ili amalize jambo ambalo ni la siasa itapoteza fedha na muda.

Baada ya uhuru, kesi zilifuata nchi hata kabla ofisi haijapata samani. Novemba 2011 serikali ilichukua hisa za kampuni ya Sudapet ya Sudan katika mafuta na kuzikabidhi kwa Nilepet, kampuni ya mafuta ya serikali yetu. Mwaka 2012 Sudapet ikafungua shauri ICSID, kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia mjini Washington. Jamhuri ilikuwa ndiyo kwanza imejiunga na kituo hicho. Mwaka 2016 madai ya Sudapet yalitupwa. Ushindi ule haukupata sherehe uliyostahili. Kisha mwaka 2020 benki ya QNB ya Qatar ikatushtaki katika kituo hicho hicho kwa deni lililotokana na fedha ilizotoa kugharimia uagizaji wa bidhaa, na mwaka 2024 jopo likaipa benki ushindi.

Ninapoziweka kesi hizo mbili kando kwa kando, naona kwamba sisi, kama serikali nyingi za ukanda huu, tunazoea kumtafuta bingwa baada ya moto kuwaka. Kesi ya mkopo kwa kawaida haishindwi mbele ya waamuzi. Inashindwa siku ya kusaini, pale kifungu cha riba, cha sheria itakayotumika na cha mahali pa usuluhishi vinapopita bila mtu wa serikali kuvisoma kwa jicho la mpinzani. Mtaalamu wa mikopo akikaa wiki mbili na mawakili wa Wizara kabla ya saini, gharama yake ni sehemu ndogo sana ya ada ya kuja kuitetea saini hiyo kwa miaka minne. Kama bajeti ingeruhusu jambo moja tu, ningeitumia hapo.

Majirani nao wana ya kutufundisha. Kenya iliandika katika Sheria ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu ya mwaka 2012 kwamba wizara haiwezi kumkodi mtaalamu wa huduma za kisheria zinazohusu kazi za Mwanasheria Mkuu bila idhini yake. Kanuni hiyo ni nzuri. Bila ya kitu cha namna hiyo, wizara ya mafuta humwajiri wakili wake, ya fedha wake, na siku moja wanakutana mbele ya jopo moja wakisema mambo yanayopingana kwa jina la Jamhuri moja.

Lakini Kenya hiyo hiyo ilionja ubaya wa kubadili farasi mtoni. Katika mzozo wa mpaka wa bahari, Somalia ilifungua shauri Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwezi Agosti 2014 na ikabaki na Paul Reichler, wakili wa Marekani, kati ya viongozi wa timu yake hadi mwisho. Kenya iliomba kusikilizwa kwa kesi kuahirishwe mwaka 2019 ili ipange timu mpya ya mawakili, na tarehe zikasogezwa zaidi ya mara moja. Machi 2021, ikitaja pamoja na mengine kwamba janga la korona limezuia timu hiyo mpya kujiandaa, haikushiriki mazungumzo ya mdomo. Hukumu ya tarehe 12 Oktoba 2021 ilichora mstari ulio karibu zaidi na madai ya Somalia. Sisemi mawakili ndio waliopoteza bahari, maana ramani na sheria zilikuwa na neno lao. Nasema kesi ya miaka saba inahitaji kumbukumbu ya miaka saba, na mahali salama pa kumbukumbu hiyo ni masjala ya serikali, kwa sababu wakili anaweza kuondoka wakati wowote.

Uganda ilijifunza upande wa fedha. Baada ya kushinda London katika mgogoro wa kodi na kampuni ya Heritage Oil, kodi iliyozidi dola milioni 400, maofisa 42 wa serikali waligawiwa shilingi bilioni 6 za Uganda kama shukrani. Jambo hilo lilipojulikana mwaka 2017, bunge na wananchi walihoji: mtumishi aliyefanya kazi anayolipwa mshahara anapewa zawadi kwa sheria ipi? Kwangu mimi funzo ni kwamba masharti ya malipo, ya mgeni na ya mwenyeji, yaandikwe kabla kazi haijaanza. Yakiachwa hadi siku ya ushindi, furaha ndiyo itakayoyaandika.

Tuseme sasa Wizara inataka mtaalamu na ina Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2018 ya kufuata. Kwa kazi ya akili, bei ndogo si kipimo cha kwanza. Utaratibu uliozoeleka kwa wafadhili na serikali nyingi ni kufungua kwanza bahasha ya kitaalamu, kuipa alama 70 au 80 kati ya 100, kisha ndipo ifunguliwe ya bei. Hapo wajumbe wa kamati waangalie watu watakaokuja kufanya kazi wenyewe. Kampuni kubwa huonyesha wasifu wa wakili mashuhuri, halafu huleta vijana wa mwaka wa kwanza kazini. Majina yaandikwe kwenye mkataba, na kubadilishwa kwake kuhitaji idhini ya maandishi.

Ada nayo ina tabia zake. Anayelipwa kwa saa hana haraka. Anayelipwa kwa hatua anaharakisha kuifunga hatua. Anayeahidiwa asilimia ya fedha zitakazookolewa anaweza kukushauri ukubaliane mapema na mpinzani, au aendelee kupigana wakati nchi inahitaji amani na mkopeshaji wake. Kwa fedha za umma napendelea malipo kwa hatua zenye kikomo, kila ankara ikaguliwe na wakili wa serikali anayeijua kesi, asije akaipitisha mhasibu peke yake. Mgongano wa maslahi uulizwe waziwazi: je, kampuni hii imewahi kumtetea yule anayetudai? Katika ulimwengu wa usuluhishi watu ni wachache na hukutana kila mara, leo mmoja ni wakili, kesho ni mwamuzi.

Mfadhili akilipa, swali linakuwa gumu zaidi: mtaalamu anapokea maelekezo kwa nani? Jibu liwe moja, na liandikwe: kwa Wizara. Tumebahatika kupata mfano mzuri hapa hapa. Kuanzia mwaka 2011, kwa mpango wa IGAD, takriban watumishi 200 wa serikali za Kenya, Uganda na Ethiopia waliletwa kukaa katika ofisi zetu kwa miaka miwili. Nchi zao ziliendelea kuwalipa mshahara, na Norway ikagharimia posho. Kila mmoja alipangiwa mwenzake wa Sudan Kusini wa kufanya naye kazi meza kwa meza. Matokeo yalitofautiana ofisi na ofisi, na palipokosekana mwenyeji wa kukaa na mgeni hapakubaki kitu. Ila wazo lenyewe naliona bora kuliko la mtaalamu anayekuja na mkoba na kuondoka na ripoti. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapo mwenyeji alikuwa na nafasi ya kupona.

Vivyo hivyo kwa Kamati ya Mageuzi ya Mahakama iliyoanza mwaka 2022 chini ya Jaji mstaafu James Ogoola wa Uganda, akisaidiwa na Jaji Joyce Aluoch wa Kenya. Hao si wageni wa mbali. Wanaujua mfumo tunaouelekea, na wanajua jinsi unavyoharibika. Tangu tujiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, mawakili wetu wanatakiwa pia wasimame katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, na shule ya karibu kwa kazi hiyo iko Kampala, Nairobi na Dar es Salaam kabla ya kuwa Paris.

Naiomba Wizara jambo ambalo halifichui siri ya kesi yoyote. Inapomkodi mtaalamu, itangaze jina lake, kazi aliyopewa, muda wake, kikomo cha ada, na majina ya mawakili wawili wa serikali watakaokaa naye tangu barua ya kwanza hadi hukumu. Iweke sharti kwamba nyaraka zote, rasimu na barua, zikabidhiwe kwa masjala kila robo mwaka, na malipo ya mwisho yasitoke kabla ya makabidhiano kukamilika. Na wewe msomaji, mbunge wako akija kuomba kura, muulize majina ya hao mawakili wawili.